Jinsi ya kuwafundisha wahudumu kumtunza mzee mwenye demensia: mwongozo kamili kwa Dar es Salaam

Dar es Salaam, mzee mwenye demensia, yaani yule ambaye ubongo wake unadhoofika hadi kumbukumbu na uwezo wa kufanya mambo ya kila siku vinapotea, anatunzwa nyumbani. Makazi ya wazee yapo, kama yale ya Nunge kule Kigamboni, lakini hayo yanawapokea wachache. Wengine wako Mbagala, Tandale, Kimara na Tabata, katika chumba cha uani au pembeni ya sebule. Anayewaogesha na kuwalisha ni dada wa kazi, au mjukuu aliyemaliza kidato cha nne anasubiri matokeo, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita siku moja moja, au kwa wenye uwezo, muuguzi msaidizi anayelipwa kwa mwezi. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuwafundisha watu hao: muuguzi mstaafu, mratibu wa kikundi cha kanisani au msikitini, mwenye kampuni ndogo ya huduma za nyumbani, afisa ustawi wa jamii wa kata.

Niseme msimamo wangu mapema. Semina ya siku mbili yenye picha za ubongo ukutani haibadilishi kitu. Mhudumu anarudi akijua jina la ugonjwa, na kesho yake anamvua bibi nguo kwa haraka ileile ya jana. Kinachobadilisha kazi yake ni kumfahamu mzee kama mtu mwenye maisha yake, kisha kuifanya kazi yenyewe mbele ya mtu anayemsahihisha. Mengine yote ni nyongeza.

Kabla ya darasa, nenda nyumbani kwao

Tembelea walau nusu ya nyumba wanakotoka washiriki wako. Nenda asubuhi, saa moja au saa mbili, wakati wa kuoga na kunywa chai, maana hapo ndipo ugumu ulipo. Angalia bafu liko wapi na sakafu yake ikoje, mzee analala wapi, nani anakaa naye usiku, dawa zinawekwa wapi. Waulize ndugu mzee anaitwaje nyumbani na anaogopa nini. Muulize mhudumu, akiwa peke yake, ni saa ngapi ya siku angependa kukimbia. Jibu lake ndilo litakupa mpango wa masomo kuliko mtaala wowote.

Kundi lisizidi watu 12. Gawa mafunzo katika vipindi vitano vya saa tatu tatu, kimoja kwa wiki, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba mchana. Sababu ni mbili. Kwanza, dada wa kazi hawezi kupewa siku nzima. Mzee hana pa kuachwa. Kubaliana na familia mapema nani atakaa naye, vinginevyo kipindi cha pili watakuja watu wanne. Pili, wiki moja kati ya vipindi ni nafasi ya kujaribu. Kila kipindi kianze kwa swali moja: ulijaribu nini, kikawaje? Toa nauli, toa chai na kitafunwa. Mtu aliyepanda magari mawili kutoka Chanika hafundishiki akiwa na njaa.

Kipindi cha kwanza: ugonjwa, kwa dakika arobaini tu

Waelewe mambo machache, lakini wayaelewe vizuri. Demensia ni hali inayotokana na magonjwa kadhaa yanayoharibu ubongo kidogo kidogo, hadi mtu anashindwa kufanya mambo aliyokuwa akiyafanya kila siku. Kusahau ni sehemu yake tu. Ugonjwa wa Alzheimer ndio chanzo kikubwa, ukichukua asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa duniani. Daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliueleza mwaka 1906, na mgonjwa wake alikuwa mwanamke aliyelazwa akiwa na miaka 51. Litaje hilo, kwa sababu linavunja ile kauli ya “uzee tu huo.” Chanzo kingine kikubwa ni mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka. Hapa wahudumu wa Dar watakuelewa upesi, kwa kuwa karibu kila nyumba ina mtu wa presha au sukari, na presha isiyotibiwa ni moja ya njia za kufika huko.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na demensia, zaidi ya asilimia 60 kati yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwetu, utafiti uliofanywa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na kuendelea wanayo, yaani karibu mmoja katika kila kumi na sita. Takwimu hizo mbili zinatosha. Usirundike nyingine.

Halafu litakuja swali la kurogwa. Litakuja tu, hata wasipoliuliza kwa sauti. Usiwacheke na usiingie ubishi wa imani, maana ukishindana nao utawapoteza kwa vipindi vyote vinne vilivyobaki. Waambie masharti matatu ambayo familia yoyote inaweza kuyashika, iwe inaenda kwa mchungaji, kwa sheikh au kwa mganga: dawa za presha na sukari zisikatwe, mzee asifungwe kamba wala kupigwa, na asinyimwe chakula. Kina mama wazee wameteswa nchini hii kwa tuhuma za uchawi, na bibi anayeongea peke yake usiku ni rahisi kushukiwa. Mhudumu ndiye wa kwanza kusikia maneno hayo nyumbani, kwa hiyo afahamu kwamba anaweza kwenda kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia kituo cha polisi.

Dakika kumi za mwisho zitumie kwa kitu kimoja, na ukirudie kila kipindi hadi wakichoke. Demensia huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa sawa jana na leo hajielewi, anaona vitu visivyokuwepo, au amelala tu haamki vizuri, huyo anaumwa kitu kingine na anapelekwa hospitali leo. Inaweza kuwa malaria, homa ya mapafu, maambukizi ya mkojo, kukosa maji, sukari kushuka, choo kugoma, au dawa mpya. Kama aliwahi kuanguka wiki chache nyuma, inaweza kuwa damu imevilia kichwani. Yapo pia mambo yanayofanana na demensia na yanatibika au kupungua: sonona, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, kaswende, masikio yaliyoziba, mtoto wa jicho. Ndiyo maana mzee anayeanza kusahau aonwe na daktari kwanza. Aanzie kituo cha afya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa (Amana, Temeke au Mwananyamala), na ikibidi Muhimbili. Waelekeze waulizie dirisha la wazee na utaratibu wa msamaha kwa wasio na uwezo. Waambie pia kuwa kutojua kusoma hakumzuii mzee kupimwa kumbukumbu: kipimo kifupi kilichotengenezwa kwa kuwashirikisha wazee wa Hai kilibuniwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo, na sehemu yake mojawapo ni kupanga njiti za kiberiti.

Zoezi la kijiko

Hili lifanyike siku hiyohiyo ya kwanza, kabla hawajatawanyika. Wapange wawili wawili. Mmoja anafungwa kitambaa machoni na kukaa na mikono mapajani. Mwenzake anamlisha uji, na wewe umemnong’oneza maagizo: usiseme neno, usisubiri ameze, ongea na simu huku unalisha, mfute mdomo kwa nguvu. Dakika mbili zinatosha. Kisha warudie kwa namna nyingine: amsalimie, amwambie ni uji wa ulezi na ni wa moto kidogo, amguse begani, asubiri, aulize kama aongeze. Halafu wabadilishane.

Wakimaliza, usihutubie. Uliza tu: ulisikia nini tumboni mara ya kwanza? Watu watakwambia walitaka kusukuma mkono, walihisi hasira, mmoja atasema alitaka kutema. Hapo ndipo utawauliza bibi anayetema uji anaitwaje nyumbani kwao. “Mkorofi,” watajibu, kisha watanyamaza wenyewe. Lipo zoezi jingine linalopendwa na wakufunzi, la kuandika vitu unavyovipenda kwenye karatasi kisha mkufunzi anakunyang’anya kimoja kimoja. Mimi silipendi. Watu wanalia, wanarudi nyumbani na huzuni, na mikono yao haijajifunza kitu.

Kipindi cha pili: daftari la maisha

Mwanasaikolojia Mwingereza Tom Kitwood, aliyefanya kazi Bradford, ndiye aliyeshikilia kwamba anayeishi na demensia ni mtu kwanza, na kwamba namna anavyotendewa inaweza kumdidimiza hata kuliko ugonjwa. Alitaja mahitaji matano yanayozunguka upendo: kufarijiwa, kuwa na mtu wa kushikamana naye, kuhesabiwa miongoni mwa watu, kuwa na la kufanya, na kujua wewe ni nani. Usiwakaririshe. Wape daftari la shule la kurasa 40 kila mmoja na uwatume wakalijaze kwa mzee wao, kwa msaada wa watoto wake, majirani, na mzee mwenyewe.

Maswali yawe ya hapa. Alizaliwa wapi, na lugha ya kwao ni ipi? Wazee wengi wa Dar walihamia kutoka Kilwa, Rufiji, Morogoro, Songea, na ugonjwa ukizidi huenda wakarudi kwenye lugha ya utotoni; mhudumu akijua salamu na maneno kumi ya Kimakonde au Kiluguru amepata ufunguo. Alifanya kazi gani: bandarini, reli, kiwanda cha Urafiki, ualimu, kuuza samaki Feri? Alikuwa shabiki wa bendi ya Sikinde au ya Msondo? Aliwahi kwenda vita vya Kagera? Alipanga foleni za unga na sabuni miaka ya 1980? (Hili la mwisho limeeleza mengi. Mzee anayeficha sukari na sabuni chini ya godoro huenda anaweka akiba kwa siku ambazo duka lilikuwa tupu.) Anasali wapi, na saa ngapi? Anaoga asubuhi au jioni? Chai ya maziwa au ya rangi? Ni nani ambaye yeye hataki kumwona?

Na aitwe jina gani. Wengine wanataka Mama Fulani, jina la mtoto wa kwanza. Wengine ugonjwa umewarudisha nyuma kabla mtoto huyo hajazaliwa, ukimwita hivyo hageuki. Jaribuni jina la usichana, au la kazini: “Mwalimu,” “Fundi,” “Kapteni.”

Daftari hilo lina siri za watu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kutungwa, hili si suala la adabu peke yake. Libaki nyumbani kwa mzee, lisipigwe picha na kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp, na darasani tuzungumze bila kutaja majina.

Kipindi cha tatu: maneno

Anza na salamu. “Shikamoo bibi” ni kitu alichokiitikia maelfu ya mara, na mara nyingi “marahaba” hutoka hata kwa mtu asiyemjua tena mwanawe. Itumie kila unapoingia chumbani, hata kama ulitoka dakika tano zilizopita. Kaa usawa wa macho yake, umjie kwa mbele, sema jina lako na unachotaka kufanya, jambo moja kwa sentensi moja. Kisha subiri. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kurudia. Wahudumu wengi huona kumi ni milele, na ndiyo sababu ya kuwafanyisha mazoezi.

Piga marufuku swali la “Unanikumbuka mimi ni nani?” Ni mtihani, na mzee anajua ameshindwa. Piga marufuku pia kumsemea mzee mbele yake: “Huyu siku hizi anajikojolea.” Anasikia.

Sehemu ngumu ni pale mzee anapoishi katika wakati mwingine. Bibi wa miaka themanini anamuulizia mama yake. Ukimwambia mama alishafariki, anapata msiba upya, na jioni utampa msiba huohuo tena. Ukimwambia “anakuja sasa hivi,” utamkalisha mlangoni hadi usiku. Wafanyishe mazungumzo ya namna hii:

“Mama yuko wapi?”

“Umemkumbuka mama, bibi. Alikuwa mtu wa wapi?”

“Wa Kilwa. Anakaanga samaki vizuri huyo.”

“Leo tuna samaki. Njoo unionyeshe alivyokuwa anakata vitunguu.”

Hakuna uongo hapo, na hakuna mabishano. Kilichojibiwa ni hamu ya bibi. Washiriki wacheze nafasi zote mbili, na wewe cheza bibi mkaidi angalau mara moja. Usiwe mzee wa kukubali kirahisi.

Kipindi cha nne: maji, chakula na nguo

Kipindi hiki kifanyike kwenye nyumba yenye bafu la kawaida la Uswahilini. Ukumbi wa mikutano hautufai hapa. Leteni ndoo, kopo, kiti cha plastiki chenye miguu imara, kanga mbili, taulo. Mshiriki mmoja anakuwa mzee, akiwa na nguo zake za ndani ama kanga kifuani.

Kwanza swali la nani anamwogesha nani. Kwa familia nyingi za pwani na za bara pia, mkwe kumwona baba mkwe uchi ni aibu isiyosemeka, na binti kumwogesha baba yake si jambo jepesi. Mzee anayepiga kelele bafuni huenda anatetea heshima yake ya maisha yote. Tafuteni mjukuu wa kiume, jirani, au mhudumu mwanaume aje mara tatu kwa wiki. Ikishindikana, kanga ibaki mwilini muda wote na maji yapite chini yake. Hili linawezekana kabisa, na ndilo zoezi lenyewe.

Maji yawe ya uvuguvugu hata kama jua linawaka. Mwili wa mzee unasikia baridi pale wewe unapotoka jasho. Kila kitu kiwe tayari kabla hajaingia. Sakafu isiwe na sabuni. Taa iwake, kwa sababu bafu lenye giza linamtisha mtu asiyejua yuko wapi. Anza na miguu, ndipo mikono, mgongo, na kichwa mwishoni, kwani maji ya ghafla usoni ndiyo yanayoleta vita. Mpe kopo ashike, ajimwagie anavyoweza. Kila unachogusa, kiseme kwanza. Akikataa, acha. Rudi baada ya dakika ishirini kwa sura nyingine na salamu nyingine, au leo afutwe tu kwa kitambaa. Siku moja bila kuoga haijamuua mtu; kumburuta kunaweza kumvunja nyonga. Mkiwa hapo, angalieni visigino, makalio na mgongo: wekundu usiopotea ukibonyezwa, au doa jeusi zaidi kuliko ngozi ya pembeni na lenye joto, ni mwanzo wa kidonda cha kulalia.

Kwenye chakula, kosa ninaloliona zaidi ni mwendo. Mzee akae wima, tonge dogo, ameze ndipo lifuate jingine, na abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Akikohoa au sauti ikawa ya majimaji kila anywapo, aonwe na daktari, maana chakula kinaweza kuwa kinaingia mapafuni. Samaki achambuliwe miiba kwa vidole, si kwa macho. Ugali mweupe kwenye sahani nyeupe huenda hauonekani kabisa kwa mzee. Sahani ya rangi ya bluu au nyekundu imewafanya watu walioitwa wagomvi wamalize chakula. Maji asisubiriwe kuomba, hasa Desemba hadi Machi. Kikombe kidogo kila saa, chai, supu, chungwa, kama daktari hakumwekea mipaka ya maji.

Ramadhani ina mtihani wake. Mzee aliyefunga miaka sitini hatakubali kula mchana, na dawa zake zinahitaji chakula. Usimpe kwa siri. Mwiteni imamu anayemheshimu amwambie kwa kinywa chake kwamba mgonjwa ana ruhusa, kila siku ikibidi, na jioni awekwe kwenye mkeka wa futari pamoja na wengine.

Nguo hazihitaji somo refu. Zipangwe kwa mfuatano wa kuvaa, moja moja, na asipewe kabati zima achague.

Kipindi cha tano: “ukorofi,” dawa na kupotea

Gawa kadi zenye safu tatu: nini kilitangulia, alifanya nini, nini kilifuata. Kisha wape kisa hiki cha kufikirisha. Babu mmoja kila siku saa kumi jioni anakwenda getini, anatikisa kufuli, anapiga kelele, na dada akimzuia anampiga. Wataanza na suluhisho: afungiwe ndani, apewe dawa alale. Warudishe kwenye kadi na kwenye daftari la maisha. Alikuwa bandarini, zamu ya usiku. Saa kumi alikuwa anatoka nyumbani kuwahi kazi. Basi saa tisa na nusu mpeni mkoba wake na kofia, mtembee naye hadi kona, mrudi kunywa chai. Siku nyingine chanzo kitakuwa kibofu kilichojaa, jino, choo kigumu, kelele za redio mbili kwa pamoja, au uchovu wa jioni, ambao kwa wengi hufanya hali iwe mbaya zaidi jua linapozama. Taa ziwashwe mapema. Mtu asiyeweza kusema “naumwa” atasema kwa mkono.

Kuhusu dawa, kuwa mkali. Mitaani kwetu Piriton, Phenergan na Valium hupatikana kirahisi dukani, na kuna nyumba mzee anapewa kila usiku ili watu walale. Piriton na Phenergan huzidisha kuchanganyikiwa kwa mtu wa demensia, hufunga choo na mkojo, Valium huangusha. Dawa za kutuliza kama haloperidol na Largactil zinaongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa wazee hawa, kwa hiyo ni za daktari, kwa sababu maalumu, kwa muda mfupi, na kwa kufuatiliwa. Mhudumu asiongeze wala asikate dawa kwa akili yake, lakini ana haki ya kuuliza hii ni ya nini. Dawa za kupunguza makali ya Alzheimer, kama donepezil, zipo, haziponyi.

Kupotea kunahitaji mtaa mzima. Mhudumu na familia wazunguke pamoja siku moja: kwa mjumbe wa shina, ofisi ya serikali ya mtaa, kijiwe cha bodaboda, mama lishe wa kona, muuza genge, msikiti au kanisa la karibu. Wamwonyeshe mzee mwenyewe, wasalimiane, waache namba ya simu. Namba hiyo ishonwe kwenye pindo la kanga au ndani ya kola ya shati. Nyumbani iwepo picha yake ya karibuni, na kila asubuhi mhudumu akumbuke amevaa nini. Akitoweka, anzieni mahali alipokuwa akienda zamani: nyumba ya zamani, kazini, sokoni. Tangazeni kwenye kipaza sauti cha msikiti, waambieni makonda wa daladala zinazopita hapo, nendeni polisi siku hiyohiyo bila kungoja kesho. Kumfungia chumbani kwa kufuli na kuondoka ni hatari ya moto na ni kifungo. Kengele ndogo kwenye geti inafanya kazi hiyo bila kufuli.

Shughuli za mchana nitazitaja kwa ufupi kwa sababu wahudumu wana mawazo bora kuliko wakufunzi: kuchambua mchele, kukunja kanga, bao, kumwagilia mchicha, redio yenye nyimbo za ujana wake. Kwa mwenye kikundi, kuna utaratibu wa vipindi 14 vya kuchangamsha akili, viwili kwa wiki kwa wiki saba, ulioanzia Uingereza ukarekebishwa na kujaribiwa kwa wazee wa Hai. Unafaa kwa walio katika hatua za mwanzo na za kati.

Mhudumu naye, na suala la wizi

Tenga saa nzima kwa hili, na waalike ndugu wa mzee. Mgonjwa wa demensia huficha pesa, husahau alipoficha, halafu anasema zimeibiwa. Anayetuhumiwa ni dada wa kazi. Mabinti wamefukuzwa, wengine wamepelekwa polisi, kwa noti iliyokuja kuonekana ndani ya foronya. Familia ikubali mbele ya darasa: tuhuma ya namna hiyo ni dalili hadi ithibitike vinginevyo, pesa na vito vinatunzwa na mtoto mmoja anayejulikana, mzee anaachiwa pochi yenye fedha ndogo, na vitu vikipotea wanatafuta pamoja. Mhudumu naye afundishwe asijitetee kwa mzee. “Pole bibi, tuitafute wote” inatosha.

Kisha masaa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa kawaida wa saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Dada anayelala chumba kimoja na bibi anayeamka mara sita usiku amevuka hapo kabla ya Jumatano. Ratiba ya nani anashika usiku gani iandikwe hapohapo, na majina ya watoto wa mzee yawemo. Watakaosema wako busy wachangie fedha ya mtu wa zamu. Nimeona kikao hiki kikiwa kigumu kuliko mafunzo yote, na pale kilipoahirishwa, mhudumu mzuri aliondoka ndani ya miezi michache.

Kupima kama wamejifunza

Mtihani wa karatasi hautakwambia kitu. Rudi nyumbani kwa kila mshiriki mara tatu: baada ya wiki mbili, baada ya wiki sita, na mwezi wa tatu. Kaa kimya, umtazame akiogesha au akilisha. Je, alisalimia kabla ya kugusa? Alisubiri? Kanga ilibaki mwilini? Mzee alishika kitu chochote kwa mkono wake mwenyewe? Muombe akusomee kitu kipya alichokiandika kwenye daftari tangu mlipoonana. Daftari lisiloongezeka ni dalili kwamba ameacha kuuliza. Angalia uzito wa mzee, ngozi yake, na chupa za dawa zilizopo mezani. Sahihisha jambo moja kwa ziara, si manane, na umsahihishe faragha, si mbele ya mwajiri.

Ukikuta mhudumu anajua kila kitu na bado anafanya haraka, tazama ratiba yake kabla ya kumlaumu. Mara nyingi anapika, anafua, anapeleka watoto shule, na mzee amewekwa katikati ya hayo. Hapo somo linalofuata ni la mwenye nyumba.

Cheti kitolewe baada ya ziara ya tatu, si mwisho wa kipindi cha tano, na kiandikwe mambo uliyomwona akiyafanya kwa macho yako: kuogesha kwa staha, kulisha kwa usalama, kutambua hali ya ghafla, kutunza daftari. Cheti cha kuhudhuria tu kimejaa mjini, na mwajiri anayetafuta mtu wa kumwachia mama yake ameshajua hakina maana.